Desemba Mbili za Mbwa wa Bamburi

Jina langu ni Kipusa. Ni mbwa jike wa kienyeji, umri miaka minne, uzito kilo 18. Naishi Bamburi, upande wa bahari wa barabara ya Malindi, katika nyumba yenye geti la bati la buluu, pamoja na Baba, Mama, Neema wa gredi ya sita, na dada wa kazi ambaye kila tarehe 22 Desemba hufunga mzigo akaenda kwao Kaloleni. Nina Desemba mbili za kusimulia. Ya kwanza nusura inimalize, na iliwatoa watu wangu zaidi ya shilingi 26,000. Ya pili niliimaliza nimelala juu ya leso ya Neema, tumbo limetulia. Nyumba ni ile ile, wageni wale wale, fataki zile zile. Kilichobadilika ni siku watu wangu walipoanza kunifikiria. Mwaka wa kwanza walinikumbuka mambo yakiwa yameshaharibika. Mwaka wa pili walianza Oktoba.

Mengine nitakayoyasema yamenipita mwilini. Mengine, hasa ya vipimo na dawa, niliyasikia nikiwa juu ya meza ya daktari wa mifugo, au chini ya meza ya sebuleni Mama akimsomea Baba karatasi alizopewa.

Mbwa hana kalenda, ana saa. Saa kumi na mbili asubuhi Baba hunitoa, saa moja nala, mchana nalala chini ya mwarobaini, saa kumi na moja na nusu jioni natembezwa, usiku nalinda. Sikukuu ikiingia, saa zote hizo huvunjika kwa mpigo. Geti linalofunguliwa mara nne kwa siku linafunguliwa mara arobaini. Watu nisiowajua harufu wanalala kitandani kwa Neema. Anayenilisha yuko Kaloleni, na kila mmoja aliyebaki anadhani mwenzake ameshanipa chakula, au wote wananipa. Hapo ndipo mambo huharibikia, kabla hata fataki moja haijalia.

Krismasi ya mwaka wa kwanza walikuja watu 14. Nilifungwa kwenye mwarobaini mpaka saa sita mchana, halafu mtoto mmoja mgeni akanionea huruma akanifungua. Watu walipomaliza kula, beseni la mabaki likawekwa chini karibu na mfereji. Nilikuwa nimeshamaliza nusu yake kabla mtu hajageuka. Mlikuwa na masala ya biriani, vitunguu vya kukaanga, zabibu kavu zilizopambiwa wali, mifupa ya kuku, na vipande vya keki ya matunda vilivyoachwa na watoto.

Jioni nilitapika mara tatu. Shangazi mmoja akasema nimevimbiwa tu, nitapoa, nikawekewa maziwa. Maziwa hayaondoi sumu yoyote tumboni mwa mbwa, na mbwa wengi wazima wakinywa huharisha. Asubuhi ya tarehe 26 sikuinuka kwenye vigae vya jikoni. Nilikunywa maji nikayarudisha, na mkojo ulikuwa kidogo sana. Mama akaanza kupiga simu. Ilikuwa siku ya mapumziko, kliniki nne hazikupokea. Ya tano, ng'ambo ya daraja la Nyali, ilipokea.

Daktari aliuliza maswali mawili kabla hajanigusa. Amekula nini, na saa ngapi? Mama hakuwa na jibu, kwa maana beseni lilikuwa limeshamwagwa. Kwa hiyo shika hili: mbwa akila kitu cha kutia shaka, hifadhi kilichobaki au pakiti yake, andika saa, piga simu papo hapo. Ndani ya saa mbili hivi daktari anaweza kumtapisha kwa sindano, kitu kikatoka kabla hakijaingia kwenye damu. Ukingoja dalili, nafasi hiyo imekwenda. Na usimtapishe mwenyewe kwa maji ya chumvi kama wengi wanavyoshauriana, kwa sababu chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa, inaweza kumtia degedege.

Damu yangu ilionyesha figo zimeanza kulemewa. Nikawekewa dripu siku mbili, mguu wa mbele umenyolewa na kufungwa bendeji. Bili ilikuwa shilingi 17,500. Mama alilia pale kaunta, na si kwa sababu ya pesa.

Aliyenidhuru zaidi katika beseni lile ni zabibu. Kuna mbwa wanaokula chache wasipate kitu, kuna wengine figo zao zikafa ndani ya siku tatu kwa konzi moja, na hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Miaka ya karibuni wataalamu wa sumu za wanyama wameishuku asidi ya tartariki iliyomo ndani yake. Asidi hiyo imo pia kwenye ukwaju. Kwa Mombasa hili ni jambo kubwa: juisi ya ukwaju imo kwenye jagi, rojo ya ukwaju imo kwenye bhajia na mishkaki, na makapi yake hutupwa palepale mbwa anapozunguka. Tangu siku ile makapi ya ukwaju kwetu hufungwa kwenye mfuko na kutolewa nje ya geti.

Vitunguu hufanya kazi polepole, na ndiyo maana watu hawaviogopi. Iwe vibichi, vya kukaanga au unga wake, vitunguu maji na saumu huvunja chembe nyekundu za damu. Dalili huja baada ya siku kadhaa: ufizi kupauka, mkojo kuwa rangi ya chai ya rangi, kuchoka baada ya hatua chache. Gramu 15 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinaweza kuleta madhara. Kwangu mimi ni gramu 270, yaani vitunguu vitatu vya kawaida. Ukikumbuka vitunguu vinavyoingia kwenye sufuria ya biriani ya watu 14, utaona ukoko wake si zawadi.

Kinyunga cha mahamri nacho. Mama hukanda usiku, anafunika kwa kitambaa, anaacha kwenye kigoda karibu na jiko kiumuke. Mbwa akikimeza kibichi, hamira haijui kwamba imebadilisha chombo. Tumbo letu lina joto kuliko jikoni, kwa hiyo kinyunga kinaendelea kuumuka humo na kutengeneza pombe. Mbwa anavimba, anayumba kama aliyekunywa mnazi, na anaweza kufa. Kinyunga kikae juu ya kabati, au ndani ya jokofu.

Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, ya kuku hasa. Vijiti vya mishkaki humezwa vizima kwa ajili ya harufu ya nyama. Mafuta ya nyama choma yanayokatwa na kurushiwa mbwa kwa mapenzi huwasha kongosho, na maumivu yake humfanya mbwa asimame amekunja mgongo kama anasujudu, kifua chini na matako juu. Bamba la gramu 100 la chokoleti nyeusi linatosha kuupeleka mbio moyo wa mbwa wa kilo zangu. Chingamu na peremende zisizo na sukari mara nyingi zina zailitoli, kitia utamu cha badala ya sukari, nayo hushusha sukari ya damu ndani ya nusu saa. Mikoba ya wageni ikae juu ya vitanda, si sakafuni.

Mwaka wa pili Mama hakuwakataza wageni kunilisha. Alijua hawatasikia, kwani mtu akipendezwa na mbwa mkono wake huenda wenyewe kwenye sahani. Alichemsha kifua cha kuku bila chumvi, bila kitunguu, Neema akakikata vipande vya ukubwa wa haragwe, wakaviweka kwenye bakuli dogo mezani lenye jina langu. Anayetaka kunipa kitu anachukua humo. Bakuli likiisha limeisha, na chakula changu cha jioni kikapunguzwa kwa kiasi hicho. Vitu vya kuonja visizidi sehemu ya kumi ya chakula cha siku. Mabaki yaliingia kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo ikakaa juu ya simiti ya tangi la maji. Na namba za kliniki mbili zinazofanya kazi sikukuu zilibandikwa kwenye mlango wa jokofu wiki mbili kabla, Mama akiwa amepiga kila moja kuhakikisha.

Sasa usiku wa mwaka mpya.

Sikio la mtu husikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, langu hufika kama 45,000. Fataki kabla ya kupasuka ina mluzi mwembamba unaopanda. Wewe unausikia mwisho wake, mimi nausikia wote. Halafu hujui itapasukia upande gani, na inapopasuka inatikisa mabati, inaleta harufu ya baruti, na mwanga unapiga dirishani. Radi angalau huleta harufu ya mvua mapema, na hewa hubadilika. Fataki haileti taarifa yoyote. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimetoka kwenye dripu siku chache tu zilizopita, na niliachwa uani nilinde kama kawaida. Saa sita kasoro dakika kumi wageni walitoka barabarani kuangalia, geti likaachwa nusu wazi. Ya kwanza ilipasuka upande wa hoteli za ufukweni. Meli zikapiga honi bandarini. Sikukimbia kwenda mahali. Miguu ilikimbia, mimi nikiwa ndani yake.

Nilivuka barabara ya Malindi katikati ya matatu na bodaboda. Nilipotulia nilikuwa Utange, chini ya kibanda cha mkaa, na nikakaa hapo siku mbili bila kutoka. Baba na Neema walizunguka na bodaboda wakiniita jina. Niliwasikia mara moja, wakiwa mbali kama viwanja viwili vya mpira, na sikwenda. Watu hawalielewi hili, na linawavunja moyo: mbwa aliyeshikwa na hofu kubwa haitiki hata kwa mwenyewe. Ukimwita kwa sauti ya wasiwasi anasikia wasiwasi, halisikii jina lake. Ukimkimbilia, atakimbia zaidi. Anayemwona akae chini, ampe ubavu badala ya uso, asimkodolee macho, amrushie chakula kidogo kidogo. Mahali alipoonekana mara ya mwisho weka maji na nguo yenye jasho la mtu wake, haijafuliwa.

Aliyenipata ni Bi. Rukia jirani yetu, kupitia kwa mpwa wake anayeuza mkaa. Bi. Rukia hamgusi mbwa. Mate yetu kwake ni najisi, akiguswa yambidi aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Watu wangu wameliheshimu hilo tangu siku ya kwanza: sitembezwi mbele ya baraza lake, sipiti njia ya msikitini saa za sala, na kinyesi changu Baba hukiokota. Ndiyo maana mama huyu alipiga simu saa moja asubuhi. "Mama Neema, mwanangu, mbwa wenu yuko Utange, chini ya kibanda cha mkaa. Nimewaambia vijana wasimrushie mawe. Njooni upesi."

Walikuja upesi, lakini kijana mmoja alitangulia kuingiza mkono chini ya kibanda anivute, nami nikamuuma kwenye kiganja. Sikuwahi kuuma mtu kabla ya hapo. Jino lilipasua ngozi. Baba alimpeleka mferejini, kidonda kikaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo njia sahihi hata kama mbwa anajulikana. Wakaomba kadi yangu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ilikuwa imepita miezi mitatu. Kwa hiyo kijana akaanzishiwa sindano zote, Baba akalipa karibu shilingi 9,000, nami nikafungiwa siku 10 nikiangaliwa, kwa kuwa mbwa mwenye virusi mateni wakati anauma huugua na kufa ndani ya muda huo. Siku kumi zilipita nikiwa mzima. Chanjo yenyewe ya mwaka mzima ilikuwa bei ndogo sana mbele ya bili ile, lakini kinachonikaa moyoni ni kijana yule. Alikuja kunisaidia, na kwa siku 10 alilala akiwaza kifo.

Kwenye kola yangu hapakuwa na namba ya simu. Kama ingekuwepo, mtu wa kwanza kuniona Utange angepiga usiku ule ule.

Mwaka wa pili kazi ilianza na kola. Ibane mpaka vidole viwili vipite kwa shida kidogo. Kibati chenye namba mbili za simu, moja ya mtu asiyesafiri. Namba hizo hizo zimeandikwa kwa wino usiofutika upande wa ndani wa kola, kwani vibati hudondoka. Daktari alinipachika chipu chini ya ngozi ya mabega, lakini chipu inasomwa kwenye kliniki yenye mashine tu, na anayeokota mbwa barabarani hana mashine, ana simu. Picha mbili za karibuni zikae kwenye simu ya kila mmoja, moja ya uso na moja ya ubavu. Chanjo zote nilichomwa Oktoba, si wiki ya Krismasi, kwa sababu kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka.

Halafu Neema akaanza kunizoesha sauti. Alitafuta rekodi ya fataki, akaicheza kwenye simu chini kabisa, kiasi cha yeye mwenyewe kusikia kwa tabu, huku akinipa maini ya kuku yaliyochemshwa. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Alikuwa ananitazama masikio. Yakilala nyuma, nikilamba midomo au nikipiga miayo bila usingizi, anarudi chini hatua moja. Alipanda sauti pale tu nilipokuwa naisikia na kuanza kumtafuta yeye usoni, nikitarajia maini. Wiki za kwanza alitaka kuharakisha, siku moja akapandisha sana nikajificha nyuma ya jokofu, tukapoteza siku nne. Diwali ilipofika, majirani wa Kihindu upande wa Nyali wakapiga za kwao, nikatetemeka lakini nilikula. Kufikia hapo tulijua mazoezi peke yake hayatanitosha.

Daktari akatoa dawa ya wasiwasi, na akamtaka Mama anijaribie siku ya kawaida wiki moja mapema, mchana, ili kuona kama nitalala mno au nitazidi kuhangaika. Usiku wenyewe nipewe muda wa saa mbili hivi kabla ya kelele. Ukingoja mbwa aanze kutetemeka umechelewa, hofu hushinda dawa. Uliza pia ni dawa ya aina gani. Ile ya zamani ya asepromazini ikitolewa peke yake hulegeza miguu na kuiacha hofu ndani, mbwa akawa amelala kimya na moyo unadunda. Dawa za watu usiguse: ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuua figo, na paracetamoli huua ini.

Shida kubwa ya Mombasa ni joto. Vitabu husema funga madirisha na mapazia. Ukifunga madirisha Desemba, kaskazi ikiwa imetulia usiku, chumba kinakuwa tanuri ndani ya saa moja, na mbwa mwenye hofu anahema mara mbili. Sisi hatutoki jasho kama ninyi, tunapoa kwa kuhema, na hewa yenye unyevu mwingi huipunguzia pumzi ile nguvu ya kupoza. Watu wangu walichagua stoo iliyo katikati ya nyumba, haina dirisha la barabarani na ina sakafu ya vigae. Wakaweka feni ikipiga ukutani badala ya kunipiga mimi, bakuli mbili za maji, leso ya Neema ya siku tatu, na chupa ya lita mbili ya maji yaliyoganda, imezungushiwa kitambaa. Chupa ya pili ikabaki kwenye friza, kwa sababu stima hupotea usiku kama ule. Nilianza kulia chakula humo tangu mwanzo wa Novemba, mlango wazi, ili stoo iwe yangu kabla haijawa kimbilio. Mbwa akiingizwa kwa mara ya kwanza usiku wa kelele ataiona ni jela.

Tarehe 31 ilipangwa kwa saa. Saa kumi na moja na nusu matembezi marefu, dakika 50, kwa kamba, mkanda wa kifuani na kola vyote viwili, maana kola peke yake humvuka mbwa anayerudi nyuma kwa nguvu. Kurudi, chakula changu chote. Saa mbili usiku nikatolewa uani kukojoa, kamba ikiwa mkononi mwa Baba ingawa geti lilikuwa na kufuli. Saa tatu na nusu dawa, ndani ya kijipande cha ini. Redio ya taarabu ilikuwa imewashwa tangu saa kumi na mbili kwa sauti ya kati na haikuguswa tena, kwani ukiipandisha saa sita mbwa anajua kuna jambo. Mlango wa stoo uliachwa upenyo, mlango wa korido umefungwa. Kati yangu na barabara kulikuwa na milango miwili na geti, na ufunguo wa geti shingoni mwa Baba. Mgeni akitaka kutoka, anamwomba.

Ya kwanza ilipolia nilisimama. Ufizi ulikauka, mate yakawa mazito. Mama akaja akakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka, hakuniita wala hakunishika. Nikaenda mwenyewe nikalaza kidevu juu ya kifundo cha mguu wake. Alinipapasa pole kuanzia bega mpaka kiunoni, mkono mmoja, mwendo mmoja. Wako wanaosema ukimbembeleza mbwa mwenye hofu unamfundisha kuogopa. Si kweli. Hofu haifundishwi kwa kupapaswa. Inayofundisha hofu ni karipio. Nilitetemeka dakika kama 20, nikaanza kulamba chupa ya barafu, na saa saba nilikuwa nimelala.

Ya joto la mchana yana haraka zaidi kuliko yote, kwa hiyo nitayataja. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami au mchanga sekunde saba. Ukishindwa, nyayo zangu pia zinaungua. Gari lililosimama juani, nje ikiwa nyuzi 30, ndani hufika kama 40 kwa dakika 10, hata kioo kikiwa kimeachwa upenyo. Joto langu la kawaida ni 38 hadi 39 na kidogo, nikifika 41 viungo vya ndani vinaharibika. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu wa kukoza, mate kama gundi, mbwa anayumba, mmwagie maji ya mferejini mwili mzima, tumbo na mapaja hasa, mpepee, ndipo umpakie kumpeleka. Usimfunike taulo lenye maji ukaliacha juu yake, hugeuka blanketi.

Ufukweni twende alfajiri, na si tarehe 26 wala tarehe 1, siku ambazo ufukwe wa Pirates hujaa watu, ngamia na chupa zilizovunjika. Chukua maji matamu nusu lita. Mbwa akinywa ya bahari ataharisha, akinywa mengi chumvi itampanda kichwani. Na chunguza anachonusa kwenye mwani. Bunju aliyetupwa na mvuvi, hata akiwa amekauka, ana sumu inayopoozesha misuli ya kupumua, na hakuna dawa ya kuiondoa.

Wiki ya Jamhuri mwaka huo wa pili walinichukua Wundanyi. Chakula cha mwisho muda wa saa nne kabla ya safari, tukaondoka saa kumi alfajiri, mkanda wa kifuani umefungwa kwenye mshipi wa kiti. Tulisimama Mariakani na Voi, kamba ikishikwa kabla mlango haujafunguliwa, kila mara. Kona za kupanda baada ya Mwatate zilinitoa mate, ila kidonge cha kichefuchefu alichotoa daktari kilinizuia kutapika. Ukipita maeneo ya Tsavo, au Shimba Hills upande wa Kwale, kuna mbung'o. Mbwa akirudi akapata homa, akakonda, jicho likaingia ukungu wa rangi ya maziwa, mwambie daktari alikopita, la sivyo atatibiwa jicho tu na ugonjwa uko kwenye damu. Kupe nao nilitolewa watano, wawili ndani ya sikio lililolala. Anayemwacha mbwa nyumbani amwachie mtu aliyeshakaa na mbwa huyo usiku mmoja wa majaribio, chakula kimeshapimwa kwa kopo moja kila kukicha, na karatasi yenye saa, namba za daktari na kiwango cha pesa anachoruhusiwa kutumia bila kuuliza.

Asubuhi ya Januari mosi Mama hakunifungulia mapema. Nilisikia ufagio wa chelewa uani, polepole, kona hadi kona. Alikuwa akiokota mabaki ya fataki yaliyoangukia kwetu usiku, vikaratasi vyekundu na vibomba vya kaki vyenye unga wa kijivu ndani, ambavyo mbwa akitafuna vinaweza kumtapisha. Alijaza nusu ya mfuko. Akapitisha ufagio mara ya pili chini ya mwarobaini, mahali ninapolala. Kisha akaja stoo, kamba mkononi, akasema, "Haya, Kipusa, twende."